Simu Inasema Umefika, Njia Haionekani: Kutafuta Mwanzo wa Njia za Matembezi Malindi

Wengi wanaopotea wakienda matembezi huku kwetu Malindi hawapotei msituni. Wanapotea kabla hawajashuka garini, katika zile kilomita chache kati ya lami na mahali njia ya miguu inapoanzia. Ukishafika mwanzo wa njia, pana mwongozaji, pana kibanda cha kulipia, au angalau pana nyayo za waliotangulia. Kabla ya hapo pana njia panda isiyo na kibao, na simu inayokupongeza kwa kufika mbele ya shamba la mihogo la watu.

Ndiyo maana nimeyapanga haya kwa dalili. Anza na unachokiona mbele yako sasa hivi, usianze na ulichosimuliwa na rafiki aliyekwenda mwaka juzi. Mifano mingi inatoka Nyari ya Marafa (lile korongo la udongo wa rangi), msitu wa Arabuko-Sokoke, mto Sabaki na ziwa Jilore, kwa kuwa huko ndiko watu wa mji na wageni wao huelekea wakishachoka na ufuo.

Simu inasema umefika, lakini hapana kitu

Hii ndiyo dalili inayowapata wengi, na karibu kila mara chanzo ni kimoja kati ya vitatu.

Cha kwanza, uliandika jina la eneo badala ya jina la mlango. Arabuko-Sokoke ina ukubwa wa kama kilomita za mraba 420. Ukiandika jina la msitu, programu ya ramani huweka alama mahali fulani katikati ya ule ujani, kisha hutafuta barabara iliyo karibu zaidi na alama hiyo, ikakupeleka hapo. Haijui kwamba baina ya barabara hiyo na miti pana uzio wa umeme. Unajikuta kwenye kijiji cha pembeni: miti unaiona, ndege unawasikia, pa kuingilia hapana. Kuza ramani uitazame alama. Ikiwa imekaa juu ya mstari wa barabara, endelea. Ikiwa inaelea kwenye kijani kitupu, ulichopewa ni jina tu.

Dawa yake ni kutafuta kituo cha misitu, usitafute msitu. Kwa anayetoka mjini, milango ya kutegemea ni miwili. Mmoja ni kituo cha Gede, kwenye barabara kuu ya Mombasa: ukishaipita njia panda ya kwenda Watamu, endelea kama kilomita moja na nusu, utakiona mkono wa kulia, upande wa msitu. Wa pili ni kituo cha Jilore, kwa barabara ya Sala, ile ya kwenda mbuga ya Tsavo Mashariki, inayopita Ganda na Kakuyuni, ambako msitu unakuwa mkono wako wa kushoto. Hizo ni safari mbili mbalimbali. Mwongozaji akikwambia mkutane "kituoni", muulize kituo gani, maana anayengoja Jilore na anayengoja Gede wana msitu mzima katikati yao.

Chanzo cha pili: lokesheni uliyotumiwa si ya mahali, ni ya mtu. Rafiki anabonyeza kutuma lokesheni yake akiwa amekaa hotelini mjini, akidhani anakutumia ya Marafa. Au amekutumia ile inayotembea naye, na sasa yeye ameshaondoka, nayo imemfuata. Muulize swali moja tu: ulipobonyeza ulikuwa umesimama wapi? Akisitasita, ifute.

Chanzo cha tatu ndicho kinachochosha zaidi: mstari ulioko kwenye ramani haujawahi kuwa barabara. Ramani nyingi za huku bara ya Malindi zimechorwa na watu waliotazama picha za setilaiti. Ukitazama kutoka juu, mkuza wa uzio (ule ukanda uliofyekwa kando yake), njia ya zamani ya magogo na barabara ya kijiji vyote ni michirizi myeupe. Kabla hujaondoka nyumbani, badilisha ramani iwe ya picha za setilaiti uufuate huo mstari kwa kidole. Barabara ya kweli hupinda ikwepe nyumba na mibuyu, na kandokando yake pana mabati ya mapaa. Mstari ulionyooka kama rula kwa kilomita kadhaa, bila paa hata moja, ni uzio au mkuza wa moto. Usiupeleke Probox yako huko.

Nambari zinakupeleka baharini, au Mandera

Watu wanaobadilishana nambari za ramani hukosea kwa namna chache zinazojulikana, na uzuri ni kwamba kila kosa hukutupa pembe yake. Ukitazama ulikotupwa, unajua kosa ni lipi.

Chukua mji wetu wenyewe. Malindi iko karibu na nyuzi 3.22 kusini na 40.12 mashariki. Kwenye simu huandikwa -3.22, 40.12. Ile alama ya kutoa ndiyo kusini. Iangushe, na ramani inakuvusha ikweta hadi kaunti ya Mandera, si mbali na Takaba, zaidi ya kilomita 700 kaskazini mwa hapa. Zipindue nambari, ya mashariki ikatangulia, na umefika Uhispania, kusini-mashariki mwa Madrid. Makosa haya mawili hayamdhuru mtu kwa sababu yanachekesha. Ukiona Uhispania unajua kuna kitu hakiko sawa.

La tatu ndilo baya, kwa kuwa linakuacha karibu na nyumbani. Mtu amesoma nyuzi 3.22 akaandika nyuzi 3 na dakika 22. Uzi mmoja una dakika 60, si 100, kwa hiyo dakika 22 ni kama 0.37 ya uzi. Kosa hilo linakusukuma kilomita kama 16 kusini, na likifanyika kwenye 40.12 pia, kilomita kama 9 mashariki: uko ndani ya bahari mbele ya Watamu. Kwa mtu anayetafuta mahali palipo bara zaidi, hatua hiyohiyo haimtupi baharini. Inamtupa kijiji kingine chenye mnazi na duka, na anaweza kutumia asubuhi nzima akiwauliza watu wa huko kuhusu korongo wasilokuwa nalo. Alama yako ikitua mahali panapoelekea kuwa sawa lakini pamejisogeza kusini na mashariki, shuku dakika.

Jambo dogo la kuongezea: nambari mbili baada ya nukta zinakufikisha kwa kukadiria kilomita moja. Nne zinakufikisha kwa kukadiria mita kumi na moja. Ukipewa mbili, omba nne.

Umeipita kona bila kuiona

Kibao kipo, ila kimewekwa kumtazama anayetoka Mombasa, nawe unatoka Malindi. Au kilikuwepo na bati lake sasa limeziba tundu la banda la kuku. Au kipo palepale, nyuma ya kichaka kilichonenepa na masika. Au, na hii ndiyo kubwa barabara ya kwenda Gongoni, kipo katikati ya vibao vingine vinane: kanisa, kanisa jingine, zahanati, mradi wa maji, viwanja vinauzwa, shule ya chekechea.

Acha kutafuta kibao cha matembezi. Tafuta shule. Shule ya msingi haihami, karibu kila moja imo kwenye ramani za simu, kila mtu anaijua, na jina lake mara nyingi ndilo jina la kijiji. Kabla hujatoka, andika kwenye karatasi majina ya shule mbili: ile iliyo kabla ya kona yako, na ile iliyo baada yake. Ukiiona ya pili, umepitiliza, geuza. Vibao vya miradi pia vinasomeka, ila jina la kijiji huwa chini kabisa kwa herufi ndogo, chini ya nembo za wafadhili. Sanduku la posta lisikudanganye. Kila kitu huku ni S.L.P. Malindi, hata kilicho mwendo wa saa moja na nusu kutoka mjini.

Nambari za barabara nazo zina lao. Barabara kuu ya Mombasa mpaka kwetu na kuendelea Garsen, ramani za zamani huiita B8, mpya huiita A7. Ni lami ileile. Usihesabu barabara mbili.

Ukiwa na gari lenye mita ya kilomita inayofanya kazi, iandike unapopita mahali pasipoweza kukosewa. Daraja la Sabaki ndilo bora kuliko yote upande wa kaskazini: hulipiti bila kujua. Kwenda Marafa kuna njia inayochepuka kushoto baada ya daraja kupitia Marikebuni, na kuna ya kuendelea na lami kupita Mambrui hadi Gongoni ndipo ukunje kushoto. Zote zinafika. Ipi ina nafuu hubadilika kwa mvua na kwa matrekta ya kuchonga barabara, kwa hiyo ulizia asubuhi hiyohiyo pale stendi kwa madereva wa matatu za Marafa, ambao wameipita jana.

Marafa ina tatizo lake la peke yake. Watu huenda wakitazama upeo wa macho, wakingoja kuona mwamba umesimama. Nyari haisimami. Ni ardhi iliyomomonyoka kwenda chini, na kutoka barabarani unachokiona ni uwanda wa kawaida, migomba, mbuzi, basi. Ukingo unautokea ghafla, karibu kabisa na kijiji, ndipo ile minara ya udongo mwekundu, wa machungwa na mweupe inajitokeza chini ya miguu yako. Ukishaingia Marafa mjini na bado unatafuta mlima, simamisha gari. Umefika kitambo.

Unauliza, kila mtu anasema "ndiyo", na bado hufiki

Hapa kosa si la unayemuuliza, ni la swali. Ukimsimamisha mtu ukamwambia, "Njia ya Nyari ni hii?", umeshampa jibu. Kumkatalia mgeni aliyesimamisha gari, amechoka, anakutazama kwa matumaini, si jambo jepesi kwa watu wetu. Atasema ndiyo. Na pengine si uongo: kila njia, ukiifuata na kuulizauliza, hatimaye hufika.

Shuka kwanza. Anayeuliza kwa dirishani huku injini inanguruma hupewa jibu la dirishani. Kisha:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Njema, mzee. Samahani, njia hii inakwenda ikaishia wapi?"

Hapo lazima akutajie jina, maana swali halina ndiyo wala la. Akisema inaishia mtoni, au kwa fulani, au inarudi barabarani, umepata jibu la kweli. Muulize na wa pili mbele kidogo, swali lilelile, bila kumwambia alichosema wa kwanza.

Kuhusu umbali, "hapo tu" na "mbele kidogo" ni maneno ya heshima, si ya vipimo. Ukitaka kipimo, mfuate kijana wa bodaboda umuulize, "Kaka, mtu wa hapahapa ukimpeleka huko unamtoza ngapi?" Nauli ya mwenyeji haina adabu za kupunguza masafa. Ukilinganisha na nauli ya safari unayoijua, kwa mfano kutoka mjini hadi Ganda, unapata kilomita zako, na pia unajua kama kuna mchanga, kwa sababu mchanga hutozwa.

Halafu kuna majina. Nyari ziko mbili. Moja ni hiyo ya Marafa, ambayo watalii huiita Hell's Kitchen. Nyingine ni Nyari ya ndani ya Arabuko-Sokoke, ile sehemu ya juu ya kutazamia mandhari. Moja iko kaskazini ya Sabaki, nyingine iko kusini, na mtu wa Kakuyuni ukimuuliza Nyari ana haki kabisa ya kukuelekeza msituni. Sema "Nyari ya Marafa" au "Nyari ya msituni", na mambo yameisha. Jina la kizungu nalo lina mtego: ukiliandika nusunusu, simu itakupendekezea Hell's Gate, ambayo ni mbuga ya taifa huko Naivasha, Bonde la Ufa.

Mto mmoja una majina mawili vilevile. Ukiwa juu, kuanzia Tsavo, unaitwa Galana. Ukikaribia bahari unaitwa Sabaki. Mtu wa Jilore akikutajia mmoja na ramani ikakuandikia mwingine, usidhani umevuka mto wa pili. Na Gede utaikuta imeandikwa Gedi. Kwenye simu jaribu yote mawili kabla hujaamua kwamba hakuna.

Njia imegawanyika, zote zinafanana

Tazama chini. Kila kazi ina alama yake ya magurudumu.

Mchirizi mmoja mwembamba unaoyumbayumba ni wa pikipiki na baiskeli. Huo unapeleka kwenye makazi, mara nyingi kwa mkato wa katikati ya mashamba, na gari likiufuata hufika mahali ambapo hata kugeuza hapana. Alama pana za magurudumu mawilimawili pembeni ni lori. Lori huku halitembei bure: upande wa Gongoni na Marereni linafuata mashamba ya chumvi, karibu na mto linafuata mchanga wa kujengea, kwingine linafuata machimbo ya mawe ya matumbawe. Njia ya lori ni pana, imeshindiliwa, inavutia macho, na ndiyo inayowadanganya wengi zaidi. Mahali lori linapoishia ni shimo au bwawa la chumvi, na mlinzi asiyeelewa umekuja kutafuta nini.

Njia ambazo ni mbili lakini ni moja hutambulikana pia. Palipotuama matope, madereva walipita pembeni. Mwaka uliofuata pembeni nako pakaharibika, wakapita pembeni zaidi. Ukiona njia tatu zinaachana bila kona kali, zote zikielekea upande ule mmoja, chukua iliyo kavu. Zitakutana tena mbele. Njia panda ya kweli hupiga kona, na kwa kawaida pale penye kona pana kitu: mti wa kivuli, gogo la kukalia, kibanda cha simu na vocha, au pikipiki zinazongoja abiria.

Nguzo za stima ni msaada wa aina yake. Zinakwenda kwenye shule, zahanati, posho mill na nyumba za watu. Kwa anayetafuta kijiji cha Marafa, kuzifuata ni busara. Kwa anayetafuta msitu, nguzo zikizidi kuongezeka badala ya kupungua, unaukimbia.

Njia ya ng'ombe ndiyo ya kuiepuka kabisa kama huna mwenyeji. Ni pana, ni safi, na inakwenda kwenye maji.

Udongo si ule

Hii ni dalili ambayo simu haitakupa, nayo ndiyo ninayoitegemea Arabuko-Sokoke kuliko kibao chochote.

Msitu ule umegawanyika kwa ardhi. Upande wa mashariki, karibu na barabara kuu, ni msitu mchanganyiko juu ya mchanga wa kijivu. Katikati pana ukanda wa mirihi, miti iliyoachana, juu ya mchanga mweupe usio na rutuba. Magharibi, kwenye ardhi iliyoinuka, udongo ni mwekundu, ule wa Magarini, na miti yake ni ya kusongamana, kichaka cha kukwaruza mabega. Ukiingia kwa Gede ukiambiwa njia yako iko karibu na kituo, halafu baada ya muda viatu vikawa vyekundu, umevuka msitu karibu wote. Hakuna haja ya kubishana na ramani. Kinyume chake pia: mtu aliyekwenda kumtafuta kibundi wa Sokoke, yule bundi mdogo, na bado anakanyaga mchanga mweupe baina ya mirihi, hajafika, kwa sababu kibundi anakaa kwenye ule wekundu.

Rangi inakwambia pia kuhusu gari. Mchanga mweupe ni mbaya ukiwa mkavu, kwa kuwa hauna kushikana, na hupata nafuu ukilowa. Udongo mwekundu ni kinyume: kiangazi unapita ukiimba, mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Kwa hiyo mtu akikwambia "njia ni nzuri", muulize aliipita lini, na mvua ilinyesha lini.

Pana geti, pana uzio, hapana mtu

Kama ni geti la miti na seng'enge, ni la shamba la mtu. Piga hodi, ngoja, piga tena. Usifungue. Hata kama ramani inachora njia ya umma katikati ya shamba hilo, ramani haimjui mbwa.

Kama ni uzio wa nyaya zilizonyooka zenye vikombe vyeupe au vyeusi kwenye nguzo, ni wa umeme, na umewekwa kwa ajili ya ndovu. Ndovu wapo kweli ndani ya Arabuko-Sokoke, jambo ambalo watu wa mjini hulisahau kwa kuwa msitu huo uko kando ya barabara ya matatu. Ukikuta uzio umelala au waya umekatika, hilo si mlango. Ni mahali ndovu au mkata kuni alipopita, nawe hutaki kukutana na yeyote kati yao. Rudi kituoni, lipa, chukua mwongozaji. Waongozaji wa msitu ule wana chama chao na wanazijua njia zake kwa majina. Nao ndio watakaokwambia leo njia ya mabwawa ya Kararacha haiendeki, kwa sababu kiangazi hiki ndovu wanashinda huko. Mavi mabichi katikati ya njia na matawi yaliyovunjwa asubuhi ile yanasema hayohayo: geuka polepole, urudi ulikotoka.

Njia ilikuwepo mwezi uliopita, leo ni maji

Mto Sabaki hausomi ramani. Kati ya masika, ambayo huku hukolea Aprili na Mei, na vuli ya mwisho wa mwaka, kingo zake hubadilika, na hata mvua ikinyesha huko bara kwa akina Nairobi maji yake yanateremka mpaka kwetu siku ambayo Malindi ni jua kali. Njia za kuingia ziwa Jilore hufuata tabia ya mto huo. Ziwa likijaa, barabara ya ukingoni ndiyo inayotangulia kuzama. Dalili ya mapema ni njia za miguu mpya zinazopanda juu ya kilima kushoto au kulia kwako. Wenyeji wameshahama njia, ila ramani haijapata habari.

Kwenye mlango wa Sabaki tatizo ni la bahari. Njia ya kuufikia mlango wa mto huanzia karibu na daraja na kuteremka na ukingo, na sehemu ya mwisho, penye vifungu vya mchanga, huwa njia maji yakipwa na huwa bahari maji yakijaa. Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita, na kila siku nyakati husogea mbele kwa karibu dakika hamsini, kwa hiyo saa aliyokwenda rafiki yako wiki iliyopita haikufai wiki hii. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ndizo za kuangalia zaidi. Amua pia kabla ya kuanza kama unatembea ukingo wa kaskazini au wa kusini. Usijipe moyo kwamba utavuka huko mbele kwa miguu: mna viboko.

Gari limezama

Acha kukanyaga mafuta. Kila mzunguko wa gurudumu unachimba. Punguza upepo kwenye magurudumu yanayosukuma, fukua mchanga mbele yake, tandika makuti au mikeka ya gari, kisha utoke kwa mwendo wa chini bila kusimama mpaka ardhi ngumu. Baada ya hapo tafuta pampu kabla hujarudi kwenye lami. Kama pana vijana wanaokuja kusukuma, elewaneni bei kabla, kwa utani na kwa heshima. Baada ya kusukuma bei huwa ngumu zaidi.

Mlikuja vizuri, kurudi njia haionekani

Njia panda uliyoiona ukienda haifanani na hiyohiyo ukirudi. Ukienda, njia mbili zinajiunga na yako kwa nyuma bila wewe kuziona; ukirudi, hizo ndizo zinazokukabili, na lazima uchague. Kwa hiyo kila unapopita kona ukienda, geuza shingo utazame nyuma, au piga picha ya unachokiacha mgongoni, siyo ya unachokiendea. Programu nyingi za ramani huweza kuandika mkondo wa safari yako hata mtandao ukiwa umekata, mradi uliiwasha pale kwenye lami na ulipakua ramani ukiwa bado mjini kwenye bando zuri. Simu ikiwa na chaji chini ya nusu, izime mtandao; ramani iliyopakuliwa haiuhitaji.

Huku jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo jioni mwaka mzima, na giza halichelewi kuja nyuma yake. Watu wa Nyari hupenda kungoja zile rangi za jioni, na wana haki, ila maana yake ni kwamba barabara ya kurudi utaipita usiku. Kama hamkuipita mchana mkiwa macho, chukueni mwenyeji wa Marafa awatoe mpaka kwenye barabara ya matatu, mumlipe, na mumpe nauli ya pikipiki ya kumrudisha nyumbani.